Ramani ya Mkono wa Kushoto

6 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kifua cha shemeji kimetulia.

Nimeacha kazi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa usije ukasoma barua nzima ukidhani kuna msiba. Ijumaa nilimkabidhi Mhariri funguo za kabati la michoro, nikachukua kikombe changu na mto wangu wa kukalia, nikashuka ngazi. Nimekaa pale miaka tisa, na vitu vyangu vyote vilienea kwapani.

Sikufukuzwa. Najua ungeuliza. Mhariri aliniagiza nichore mwalimu anayenyoosha kidole ubaoni, kwa kitabu cha darasa la tatu. Nikamwambia mwalimu huyo nimeshamchora mara kumi na nne. Akasema, bila ubaya wowote, "Basi mchore wa kumi na tano." Kama angenigombeza ningebaki. Ule upole wake ndio ulionitisha. Nilijiona nina miaka sitini, bado nanyoosha kidole ubaoni.

Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya Mchapaji, yule mzee aliyekuwa akituchapia majalada. Dirisha linatazama ukuta. Mashine zake zikianza kunguruma, penseli zangu zinatembea zenyewe mezani. Tumekubaliana hivi: yeye atanichapia kitabu changu, mimi nitamchorea kadi zake za harusi na kalenda mwaka mzima. Hakuna bosi. Kila mmoja na mashine yake.

Kitabu hakina maneno. Ni mikono tu, kurasa ishirini na nne. Mikono inayotunga uzi, inayokamua nguo, inayofunga kamba za kiatu cha mtoto, inayongoja mapajani. Nimekibeba kichwani miaka mingi nikisubiri mtu aniagize, na sasa nimejua kwamba hakuna atakayeniagiza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mama alikuwa akituambia kila siku, mimi nikidhani anasema habari za chakula.

Nina ombi moja tu. Nitumie ramani mpya za mikono yako. Unakumbuka ulipokuwa unajifunza ushonaji, ulivyokuwa ukileta nyumbani mabaki ya karatasi za kukatia nguo? Unaweka mkono juu ya karatasi, mimi nauzungushia chaki, kisha tunaandika ndani: hapa kovu la sindano, hapa mshipa, hapa ngozi ngumu. Tangu hapo sijawahi kuchora mkono wa mtu mwingine. Yule mwalimu ana mkono wako. Mkulima ana mkono wako. Na kile kidole chako cha mwisho cha kushoto, kilichopinda kwa ndani kama kinasikiliza wenzake wanasema nini, sijui ni watoto wangapi wamejifunzia kuhesabu.

Mikono ya miaka thelathini na minane si ile ya kumi na sita. Nitumie yote miwili.

Mdogo wako,
Kitinda

*

19 Januari

Kitinda,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili shemeji yako asikie. Nilipofika pale pa mtegemea cha nduguye alicheka mpaka akakohoa. "Huyo asiyetegemea ndugu," akasema, "mbona ukurasa wa pili anaomba mikono ya ndugu?" Nikamwambia anyamaze, haelewi mambo ya wasomi. Kisha nikacheka na mimi.

Sikulaumu. Ila nakwambia kitu kimoja, kwa kuwa mama hayupo wa kukwambia. Ukishaacha kiti cha watu, usigeuke kukitazama. Kiti hakina haya, kitakaliwa na yeyote. Kama umetoka, toka kweli. Mimi nina miaka kumi na miwili nasema nitafungua chumba changu cha kushonea, na kibao changu mlangoni, na cherehani ya mama iko uvunguni inaota kutu. Kila mwaka nasema msimu wa sare ukiisha. Msimu unaisha, unaanza mwingine. Sasa mmoja wetu ametoka. Nimeitazama cherehani ile leo asubuhi kwa jicho lingine.

Ramani utapata, lakini si wiki hii. Wametuletea kiwandani mashine mpya ya kugandisha kola: bamba la chuma juu, bamba chini, moto katikati. Mama Vifungo, yule anayekaa karibu yangu na ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, ameipa jina la Mama Mkwe. Anasema inabana na haiombi radhi.

Kula vizuri. Usijifanye msanii wa kukonda.

Dada yako

*

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Wiki sita, na hakuna ramani.

Nimechora kurasa kumi na moja kwa kumbukumbu. Ni nzuri, lakini sitaki nzuri, nataka kweli. Mchapaji amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo mashine zake zote zinaingia kwenye karatasi za mitihani, na kitabu changu kitangoja mwaka mwingine. Kungoja ndiko nilikokukimbia.

Naomba nikwambie ukweli. Tangu nitoke, kila mtu ananiambia subiri. Mwenye duka la vitabu, subiri. Mchapaji, subiri. Nilidhani wewe ni tofauti. Mikono yako inashona maelfu ya sare za watu wasiokujua na hawatakujua kamwe. Mimi naomba robo saa tu ya mikono hiyo, kwa kitu kitakachobaki. Kama hata wewe huoni tofauti ya hayo mawili, basi kweli niko peke yangu, na ni afadhali nijue mapema.

Usikasirike. Silali vizuri.

Kitinda

*

21 Machi

Kitinda,

Nimechelewa, nisamehe. Kulikuwa na mambo kazini. Yamekwisha. Nimepewa mapumziko.

Ramani zako hizi hapa, wa kushoto na wa kulia. Nimeandika ndani kila kitu kama zamani. Hilo doa la chai ni la Mama Vifungo, alikuja kunitembelea.

Shemeji yako anakusalimu. Siandiki sana. Fanya kazi yako.

Dada yako

*

1 Aprili

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo mara mia! Zimefika. Nilizibandika ukutani kabla hata ya kuvua viatu.

Nisamehe barua yangu ile. Ilikuwa ya mtu mwenye njaa, ingawa nakula, usiwe na wasiwasi.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana mikono haijui kudanganya. Umepumzika! Mkono umenawiri, vidole vimejaa, lile kovu la sindano kwenye kidole cha shahada halipo tena. Na kidole cha mwisho kimenyooka. Nilikitazama sana hicho. Miaka yote nimekichora kimepinda, nikawa naapa kwamba kimepinda, kumbe ni mimi niliyekipinda utotoni na kumbukumbu ikaganda hivyo. Mtu anaweza kubeba kosa miaka ishirini akiliita kumbukumbu. Karatasi haina sababu ya kunidanganya. Nimekwangua kurasa zote kumi na moja na kuzichora upya. Zilikuwa ngumu kufutika, wino ulikuwa umeshazama, lakini sasa kila mkono umenyooka na una afya, kama ulivyo.

Nafurahi kwamba wanakupa mapumziko. Nilikuwa na hofu na kile kiwanda chenu.

Huku mambo ni mazuri. Mwenye duka la vitabu amesema atachukua nakala nyingi kikitoka. Kuna na mwingine ameulizia. Ukiamua, mambo yanakufuata.

Swali dogo: mbona mistari yako inapanda mlima siku hizi? Inaanzia chini na kuishia darini. Unaandikia mapajani?

Mdogo wako,
Kitinda

*

14 Aprili

Kitinda,

Ni meza tu. Mguu mmoja mfupi. Shemeji yako ameahidi kuutengeneza, na unajua ahadi zake.

Nimefurahi ramani zimekufaa. Kurasa kumi na moja ni nyingi. Hukubakiza hata moja ya zamani?

Endelea. Usigeuke.

Dada yako

*

2 Mei

Kwa Mhariri,

Salaam.

Naandika kwa unyenyekevu. Nilipoondoka Januari ulisema mlango haufungwi kwa mtu wa miaka tisa. Kitabu changu kiko mashineni na kitatoka wiki ijayo. Hata hivyo, mwenye duka la vitabu ameniambia kwamba kitabu kisicho na maneno hakina rafu ya kukaa. Yule mwingine aliyeulizia, kumbe alikuwa anatafuta mchoraji wa bango la kinyozi.

Natanguliza kurasa tatu uone kazi. Kama kiti changu bado kipo, naomba nirudi. Mwalimu wa kumi na tano nitamchora.

Wako katika kazi,
Mchoraji wako wa zamani

*

9 Mei

Mchoraji,

Salaam. Nakuandikia kwa mkono wangu wala si kupitia karani, kwa sababu nakuheshimu.

Idara ya michoro tuliifunga mwezi wa Machi. Baada yako kuondoka tulifungua lile kabati ili tujue tuna nini, tukakuta mikono ya kututosha miaka ishirini. Imenyanyuka, imeshika kalamu, imeshika jembe, imehesabu mpaka kumi. Walimu wanaonyoosha kidole wapo kumi na wanne, kama ulivyosema. Hakuna kitabu kitakachodai wa kumi na tano. Wewe mwenyewe ndiwe uliyekijaza kiti chako mpaka hakihitaji mtu.

Kurasa zako nimezitazama. Ni safi. Ila nitakwambia ukweli, kwa kuwa hunidai tena adabu ya ofisi. Ile mikono ya kabatini ningeitambua popote, hata nikiiona kwenye kitabu cha mtu mwingine. Ilikuwa ya mtu. Hii ni mikono tu. Sijui umebadilisha nini.

Nakutakia kila la heri.

Mhariri

*

15 Mei

Dada,

Shikamoo. Kimetoka! Nakutumia nakala ya kwanza kabisa, bado inanuka wino. Fungua ukurasa wa mwanzo usome mstari mmoja ulioko pale, ndio maneno pekee ya kitabu kizima.

Mhariri ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe, si kupitia karani. Anasema kazi ni safi na kwamba kile kiti hakinihitaji tena. Unaona? Hata yeye amekubali.

Mchapaji ana kadi nyingi za harusi msimu huu, kwa hiyo nachora maua zaidi kuliko nilivyotarajia. Maua na pete. Maua na njiwa. Si kitu, ni ya muda.

Niambie ulivyokiona kitabu. Nataka neno lako kuliko la mtu yeyote.

Kitinda

*

1 Juni

Kwa Mchoraji, mdogo wa rafiki yangu,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, ila goti. Hunijui kwa sura, lakini kwa mikono unanijua kuliko mume wangu. Ni mimi Mama Vifungo.

Jana dada yako kanionyesha kitabu. Nikafungua, nikasema, ala! Huyu si mimi? Yule anayekamua nguo, mimi! Anayetunga uzi, mimi! Nikakibeba mpaka kazini, nikawakusanya wanawake wote wa chumba cha vifungo. Msimamizi akauliza kuna nini, wakamwambia Mama Vifungo ameingia kitabuni. Akasema, "Afadhali ameingia huko, labda atanyamaza." Mshenzi yule. Lakini na yeye alitazama.

Mwanangu, nataka nikusifu. Siku ile dada yako alipoweka mikono yangu mezani kwake na kuizungushia penseli, mkono wake wa kulia ukifanya kazi na ule wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kiwiko, nilimwambia: huyu mdogo wako ana akili. Ameona dada hana tena mkono wa kuchorwa, hakukaa akalia, akaomba wa jirani. Ndivyo maisha yanavyoendelea. Dada yako aliendelea tu kuzungusha penseli. Tangu ile Mama Mkwe imbane, amekuwa mtu wa kutojibu.

Mwanzoni mwa kitabu umeandika "Kwa mikono ya dada yangu." Sikukasirika. Nilielewa kwamba ni heshima kwa vile vidole viwili vilivyobaki kwenye mashine. Lakini ukichapa tena, ongeza hata neno dogo: na ya Mama Vifungo. Chai yangu pia iko kwenye ile karatasi.

Jambo la mwisho, na usimwambie kwamba nimesema. Cherehani ya mama yenu amenipa mimi. Alikuwa ameitoa uvunguni mwezi wa pili, akaisugua kutu, akaipaka mafuta, akaenda na kutazama chumba kile cha kona chenye mlango wa bluu. Akasema, kama mdogo wangu ameweza, mimi nimefungwa na nani? Wiki ile ile ndiyo ajali. Cherehani inataka mikono miwili, mmoja wa kuzungusha na mmoja wa kuongoza kitambaa. Mimi nimeipokea, lakini nimemwambia namtunzia tu. Alicheka kile kicheko chake kipya, cha puani. Kiwanda kimempumzisha moja kwa moja.

Mwandikie mambo ya kuchekesha. Anasoma barua zako mpaka karatasi inalegea.

Mimi,
Mama Vifungo

*

8 Juni

Dada,

Mama Vifungo ameniandikia. Alidhani najua.

Vidole vipi?

Nimejaribu kuhesabu siku. Ajali mwezi wa pili. Barua yangu ya tarehe mbili Machi, ile ya sare za watu wasiokujua, ilikufikia lini? Ulikuwa umelala hospitali? Nani alikufungulia bahasha? Usinijibu hilo. Nijibu.

Nilikudanganya pia. Hakuna duka lililochukua kitabu. Mhariri hakukisifu, nilimwomba kiti akasema kabati limejaa mikono yako, halihitaji yangu. Nakala zote ziko kwenye boksi chini ya meza isipokuwa yako. Nachora njiwa. Tangu Januari nakuandikia barua za mtu anayejitegemea, na hakuna hata siku moja niliyojitegemea. Kila mstari nilikuwa nimeegemea mkono wako, na mkono wenyewe haukuwepo.

Nakuja Jumamosi. Nitatafuta kazi yoyote huko. Nitakufulia, nitakushonea, nitakusukia nywele. Na nitachora mkono wako kama ulivyo. Kama hutaki nije mara moja, nitumie ramani yake. Ya kweli.

Kitinda

*

18 Juni

Kitinda,

Naona Jumamosi imepita na hukuja. Ahsante. Nilikuwa nimeshamwambia shemeji yako asifungue mlango.

Kile kilichopinda na jirani yake. Hivyo ndivyo vilivyokwenda. Vilivyobaki vimekakamaa.

Umeuliza kuhusu mistari. Meza haina kosa. Mkono wa kulia unaandika, lakini hakuna wa kushikilia karatasi, inasogea na maneno yanaifuata. Siku hizi naweka mkasi juu yake. Ndiyo kazi iliyobaki ya mkasi wangu.

Kwa nini sikukwambia? Ungerudi. Ungefika na kikombe chako na mto wako wa kukalia, ungenifulia na kunisuka nywele, na ungenichukia kidogo kidogo kwa miaka ishirini, kwa adabu, bila kusema. Nakujua. Nilisema kama mkono mmoja umekwisha, basi usiende na mingine miwili. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya hospitali. Usinisifu. Kuna na sababu nyingine: ulisema nashona sare za watu wasionijua, na ni kweli, na nilikuwa na hasira. Nikasema, kama anataka mikono, apewe mikono. Tuone kama ataijua.

Hukuijua.

Nilipoisoma barua yako ya kwamba kidole kimenyooka, nilingoja uandike tena useme umegundua. Sikulia hospitali. Nililia siku niliyosoma umezikwangua zile kurasa kumi na moja. Kile kidole hakikuwa kimebaki popote, Kitinda, ila kwenye zile kurasa na kwenye kabati la Mhariri. Na za kwako umezifuta kwa kuniamini. Sijui nimlaumu nani, kwa hiyo namlaumu shemeji yako. Siku hizi ananifunga vifungo vya blauzi, kila siku anaruka kimoja.

Ramani hupati. Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Niliweka mkono kwenye karatasi nikazungusha penseli. Nilipounyanyua nikaona umbo la kitu ambacho sijawahi kukutana nacho. Nikawashia jiko.

Usije kuishi hapa. Njoo kutembea, mwaka ujao, ukiwa na nguo nzuri. Usiniandikie tena kuniomba mikono. Wewe una yako. Chora hiyo.

Dada yako

*

5 Julai

Dada,

Shikamoo.

Sikuja kwa sababu Jumamosi ile nilifika mpaka stendi, nikakaa na mfuko magotini, nikajiuliza ninakwenda kukupa nini. Nikarudi kuchora njiwa.

Boksi la vitabu bado liko chini ya meza. Mchapaji ameweka rimu zake za karatasi juu yake, kwa kuwa sakafu ina unyevu. Ananiambia mwaka ujao tunaweza kuendelea kwa mpango ule ule, kadi na kalenda. Nimekubali. Sikuwa na pengine pa kukubali.

Jana nilifanya ulivyosema. Niliuweka mkono wangu wa kushoto mezani, mbele yangu, nikautazama. Sikuwahi. Miaka yote hii mkono huu ulikuwa kwenye karatasi moja na wako, umeibana isisogee, na mimi sikuwahi kuutupia jicho, kwa sababu kazi yake haikuwa kuchorwa.

Kidole cha mwisho kimepinda. Kwa ndani. Kama chako, labda kama cha mama, sikumbuki cha mama kilikuwaje na sitakisia tena. Kilikuwa hapo mezani siku ile nakwangua kurasa kumi na moja. Kilikuwa kimezibana zile kurasa nisikosee kukwangua.

Nimekichora. Si mchoro mzuri. Mkono ukishakuwa wa kuchorwa hauwezi tena kushikilia karatasi, kwa hiyo karatasi inasogea na mstari unateleza. Ningeweza kuweka jiwe au chupa ya wino. Sikuweka. Hakuna aliyeuagiza, hakuna rafu itakayoupokea, na siwezi kusema kwamba unafanana na wako, kwa sababu wako umeuwashia jiko na wa zamani nimeufuta mwenyewe, uliobaki umefungiwa kabatini kwa Mhariri. Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Ukitaka, washia jiko.

Barua hii nayo nimeiandika mkono wa kushoto ukiwa mapajani. Utaona mistari inavyopanda.

Mdogo wako,
Kitinda